Maswali ya Saiti: "Kijiji kinanitafuta, nimezima simu"

Mwezi huu barua karibu zote zina kilio kimoja. Watu wanajua kazi zao vizuri tu, wanajua kulaza bomba, kumwaga zege, kupanga bajeti, ila ikifika kuongea na wadau wanapotea. Nimechagua tano. Majina nimeyaondoa maana wengine bado wapo kazini na mabosi wao wanasoma ukurasa huu.

Shikamoo Mzee wa Saiti. Mi ni afisa mradi kwenye shirika dogo hapa Singida, tuna mradi wa maji kwenye kijiji kimoja. Kisima kimechimbwa, tangi limesimama, mabomba yamelazwa karibu yote, vilula sita vimejengwa. Tatizo pampu ya sola, ilitakiwa ije mwezi wa tatu na sasa ni mwezi wa tano, supplaya kila siku ananiambia kesho kutwa. Wanakijiji walichanga na mitaro walichimba wenyewe, diwani kawaambia msibani kwamba maji yanatoka kabla ya mavuno, mfadhili anataka ripoti ya robo mwaka na bosi kaniambia niandike "utekelezaji unaendelea vizuri". Juzi mwenyekiti wa kijiji kanipigia mara nne nikaiangalia tu simu, jana nikaizima kabisa. Nifanyeje? (Afisa mradi, Singida)

Marahaba mwanangu. Kwanza washa simu, usome hii barua ukiwa umeiwasha.

Ulivyozima hukunyamazisha kijiji, ulichofanya ni kuwaachia stori wengine. Sa hivi kuna mtu yupo kilabuni anaeleza kwamba pampu ilishakuja ikauzwa, na mwenzake anamsahihisha kwamba haikuuzwa, imepelekwa kijiji cha pili kwa shemeji yako, na ikifika Jumamosi watakuwa wameshakujengea nyumba Dodoma. Nakwambia kwa uzoefu, mi nilishajengewa ghorofa moja Dodoma na kijiji kimoja cha Kondoa, mpaka leo sijaiona hiyo ghorofa na ningeipenda sana.

Sasa tuanze na nani anaambiwa kwanza, maana hapo ndo wengi wanaharibu. Kawaida habari mbaya inapanda juu, inaenda kwa bosi, bosi anaikalia, mfadhili anaisikia kwa dereva, na mwanakijiji aliyechimba mtaro kwa jembe lake anakuwa wa mwisho kabisa. Mi napanga kwa kuangalia nani ataumia na nani ataaibika. Anayeumia ni mwanakijiji. Anayeaibika ni diwani, kwa sababu alishaahidi mbele ya watu, tena msibani, pale ahadi haisahauliki.

Leo hii asubuhi ingia kwa bosi, usimtumie meseji, ingia. Mwambie kwamba mwenyekiti anajua pampu haipo, diwani anajua, kijiji kizima kinaona tangi kavu, kwa hiyo anayefichwa hapa ni mfadhili peke yake, na mfadhili akija kutembelea (watakuja tu, huwa wanakuja) atasoma "unaendelea vizuri" huku mama anapita na ndoo kichwani kutoka lamboni. Afu mwambie na hili ambalo mabosi wengi wanalisahau. Mfadhili naye ana uwezo wa kusaidia, anaweza kuwaongezea muda wa mradi bila kuongeza hela, lakini ombi la namna hiyo linatakiwa limfikie kabla mkataba haujaisha. Ukimpelekea siku ya mwisho ni kama kumwamsha mtu saa nane usiku umuombe gari.

Ukitoka kwa bosi, mpigie mwenyekiti. Mara nne alizokupigia anza na samahani, usianze na maelezo. Baada ya hapo mtendaji wa kijiji. Diwani usimpigie, mfuate, kaeni chini ya mti wenu muongee wawili, kabla ya mkutano wowote. Diwani akishtukizwa mbele ya wapiga kura wake atajiokoa, na njia rahisi ya kujiokoa ni kukurushia wewe. Mpe kitu cha kwenda kusema. Mwambie "mheshimiwa, hii ndo hali, na ningependa watu waisikie kutoka kwako na mimi nikiwa pembeni nijibu ya kitaalamu". Wengi wanakubali, sijawahi kukutana na diwani anayependa kuonekana hakujua.

Na watu wa RUWASA wilayani, wale wakala wa maji vijijini, umewaambia? Nauliza kwa sababu mradi ukiisha utakabidhiwa kwa chombo cha watumia maji pale kijijini, na wanaovisimamia hivyo vyombo ni RUWASA, tangu sheria ya maji ya 2019 iwaanzishe. Injinia wa wilaya ndo atakayekuja kuangalia hiyo pampu ikiwashwa. Tena supplaya wako huenda anamfahamu, soko la pampu si kubwa kihivyo.

Halafu supplaya mwenyewe. Acha kumuuliza lini, atakujibu kesho kutwa hadi krismasi. Muulize iko wapi. Kama iko baharini akutumie BL, ile karatasi ya meli. Kama iko bandarini akutumie nyaraka za kutolea mzigo. Akishindwa kuonyesha karatasi yoyote basi jua pampu bado iko dukani kwa mwenyewe na hela yenu inafanya kazi nyingine. Hiyo nayo ni habari, tena kubwa, na ndo inabadilisha utakachowaambia wadau wote.

Sasa mkutano. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria ni kila miezi mitatu, wa wakazi wote kuanzia miaka 18, ila wa dharura unaitishwa wakati wowote, usisubiri. Na uangalie saa. Nimeona mikutano ya maji ikiitishwa saa nne asubuhi, wanaume wamejaa kwenye mabenchi na wanawake wako lamboni wanasubiri zamu ya ndoo, yaani kikao cha maji bila wachotaji. Ikishindikana kubadilisha saa, nenda huko huko lamboni kabla ya kikao, uongee nao pale wamekaa na madumu yao, hutahitaji spika wala nini.

Ukisimama usiseme kuna changamoto. Hilo neno limechoka, siku hizi mtu akisikia "changamoto" anashika mfuko. Sema namba. Mi ningesema hivi na ningebandika hivi hivi kwenye ubao wa ofisi ya kijiji:

"Mabomba mita 2,900 kati ya 3,100 yamelazwa. Vilula sita vimekamilika. Tangi limejaribiwa, halivuji. Pampu haijafika. Tulimlipa supplaya nusu ya bei, nusu tunayo benki, stetimenti iko kwa mtendaji, kila mtu ana ruhusa ya kuiona. Maji hayatatoka mwezi huu. Nitarudi hapa Ijumaa ijayo saa kumi jioni kuwaambia pampu imefika wapi, hata kama haijafika popote."

(Mita na malipo ni mfano tu, weka yako.)

Angalia mstari wa mwisho, hapo ndo penyewe. Usiwape tarehe ya maji. Tarehe ya maji iko mkononi mwa supplaya, mwa bandari, mwa lori, we huna uwezo nayo. Wape tarehe ambayo uko nayo mwenyewe, tarehe ya wewe kurudi. Na Ijumaa ikifika urudi, mvua inyeshe, pikipiki igome, urudi, hata kama unachokuja kusema ni "bado". Mara ya kwanza watakuzomea. Ya pili watanung'unika. Ya tatu utaona kuna mtu anakuvutia kiti.

Na kuna mmoja ambaye hujamtaja kwenye barua ila najua yupo, maana huwa yupo kila mradi. Miaka ya nyuma nilikuwa nasimamia bomba la kilomita kama nne hivi. Vikao vyote tulifanya, muhtasari una mihuri mitatu. Asubuhi moja tunafika saiti tunakuta mzee kakaa ndani ya mtaro. Kakaa kabisa, miguu kainyoosha, redio ya betri iko begani, chupa ya chai pembeni, fimbo kailaza kwenye magoti. Hakupiga kelele, hakutukana mtu. Kila aliyemuuliza alimjibu neno moja, "sikuambiwa". Kumbe pale mtaro ulipopita ni ukingoni mwa makaburi ya kwao, na aliyesaini kuruhusu ni mtoto wake anayekaa mjini, alikuja siku moja na kuondoka. Hiyo sikuambiwa ilitugharimu siku tisa na mbuzi. Mwisho wa yote bomba tulilisogeza mita sita. Mita sita! Tungemuuliza mapema angetuchorea mwenyewe kwa ile fimbo.

Kwa hiyo kabla ya mkutano tembea na njia ya bomba kwa miguu, mwanzo hadi mwisho, na kwa kila shamba uliza hili ni la nani na yeye mwenyewe yuko wapi.

Mzee, tunakarabati zahanati ya kata. Tuna grupu la WhatsApp la watu 46: kamati ya ujenzi, watumishi, mkandarasi, watu wa halmashauri, mpaka mchungaji. Kila mtu anaelekeza. Mkandarasi kaambiwa rangi tatu tofauti kwa siku moja, na mmoja anatuma voisi za dakika saba. Tulifute? (Mwenyekiti wa kamati, Njombe)

Msilifute, mtaonekana mnaficha kitu.

Kuna hesabu wanafundisha kwenye kozi za usimamizi wa miradi, rahisi tu: chukua idadi ya watu, zidisha kwa idadi hiyo ukitoa moja, gawa kwa mbili, unapata njia ambazo maneno yanaweza kupita. Watu watano njia 10. Watu kumi na wawili njia 66. Nyie 46, kaa chini usianguke, ni njia 1,035. Sasa rangi tatu kwa siku moja mbona mna nafuu.

Fanya hivi. Hilo grupu liwe la habari, weka mipangilio ya ma-admin tu kuandika, ma-admin wawe wawili, wewe na katibu. Mara moja kwa wiki mnatuma picha nne tano na mistari michache, watu waone ukuta umefika wapi. Uamuzi hautoki humo. Uamuzi unatoka kwenye kikao cha saiti, unaandikwa, na mkandarasi anapokea maelekezo kutoka kwa mtu mmoja aliyetajwa kwenye mkataba, hata mganga mfawidhi akitaka dirisha lisogezwe anapitia kwa huyo. Mkiongea kwa simu, ukikata tu muandikie "kama tulivyoongea sasa hivi, dirisha la maabara linabaki pale pale". Mistari miwili. Hiyo mistari miwili ilishaniokoa mbele ya mkaguzi.

Wa voisi za dakika saba mpigie simu umsikilize. Mara nyingi ni mtu mzima anayejua kitu na kuandika kunamchosha.

Salaam. Mimi ni afisa mahusiano ya jamii wa kampuni inayotaka kujenga gati dogo hapa Kilifi, Kenya. Tulifanya baraza mbili kwa chifu, watu zaidi ya mia, walisaini, wakapewa soda na nauli. Sasa wavuvi wametuletea barua ya wakili eti hawakushirikishwa. Walishirikishwa vipi tena na sahihi tunazo? (Kilifi)

Ndugu yangu, zile sahihi zinathibitisha kwamba watu walikunywa soda.

Nyie wa Pwani ndo mngetakiwa mtufundishe sisi haya mambo, maana mfano uko hapo juu yenu tu, Lamu. Ule mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, ulipewa leseni ya mazingira 2016. Watu wa Lamu wakaenda kwenye tribunali, yaani mahakama maalumu ya mazingira, na Juni 2019 leseni ikafutwa, na sababu moja kubwa ilikuwa ushirikishaji wa umma. Si kwamba hakuna mikutano iliyofanyika. Ilifanyika, ila ile ya mwanzo mwanzo ya kujitambulisha, kabla utafiti haujaisha, watu hawana cha kujadili kwa sababu madhara yenyewe hayajaandikwa, na utafiti ulipoiva haukurudishwa kwao inavyotakiwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo mahakama kuu ya Malindi ilikuwa imeshaamua kesi ya bandari ya Lamu, wavuvi kama 4,600 wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.76 za Kenya. Huo ni mradi wa serikali. Sasa kampuni yako, na gati dogo.

Nijibu haya, jibu kwa moyo wako tu, usinitumie. Siku ya baraza mlikuwa na ramani, inayoonyesha gati linaanzia wapi na boti zitapita wapi? Utafiti wa mazingira ulikuwa umeshaisha, au mlikuwa mnasema "wataalamu watakuja kuangalia"? Na tarehe mlipangaje? Nakuuliza kwa sababu chifu anapanga baraza kwa kalenda ya ofisini na mvuvi anaishi kwa kalenda ya mwezi. Baraza ya asubuhi siku za bamvua, maji yametoka mpaka huko mbali, kina mama wote wa pweza wako mwambani, na kwa maji yale hawawezi kuacha, ndo siku zao za kula. Kwa hiyo waliokuja kusaini ni nani? Ni wenye nafasi, wenye duka, vijana wa bodaboda, watu wazuri sana ila gati haliwagusi.

Barua ya wakili ijibiwe na wakili wenu kwa maandishi na usijaribu kuwazunguka hao wavuvi na bahasha, utaiongezea kurasa hiyo barua. Ila sambamba na hiyo ombeni kupitia BMU ya pale, ile kamati ya wavuvi ya ufukweni, mkae upya. Mwende siku za maji mafu, mchana, kwenye bandari yao wenyewe, siyo kwa chifu. Mpeleke ramani kubwa na kalamu, mkae kimya, wao wachore wanapotega, wanapopita na ngalawa wakati wa kusi na wakati wa kaskazi maana hazipiti njia moja. Mkimaliza mrudi tena baada ya wiki mbili na karatasi ya safu tatu: mlisema nini, tumebadilisha nini, tumeshindwa nini na kwa nini. Hiyo safu ya tatu ndo watu wanaisoma kwanza. Kampuni nyingi zinaiacha kwa woga, na ikikosekana wavuvi wanajua mlikuja kuonekana tu mnasikiliza, yaani mchezo wa kuigiza.

Soda siyo mbaya, watu wametembea juani. Ila iandikwe soda, isiandikwe ushirikishaji.

Mimi siyo msimamizi wa mradi wowote, mimi ndo mdau mwenyewe. Nyumba yetu iko kando ya barabara kuu, ilipigwa X ya kijani huu mwaka wa pili. Hakuna aliyekuja kusema kitu. Mama anaogopa hata kupaka rangi. Tufanye nini? (Morogoro)

Pole sana, na pole kwa mama. Nyie ndo mnaonikumbusha kwamba hizi barua huwa zinaandikwa na upande mmoja.

X maana yake hii. Zamani hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sheria ya barabara ya 2007 ikaisogeza hadi mita 30. Waliokuwa ndani ya ile ya zamani wakapigwa X nyekundu, hao wanahesabiwa wameingia hifadhini, hawana fidia. Waliofuatwa na barabara, yaani walio kati ya 22.5 na 30, wakapigwa ya kijani, hao wanastahili fidia eneo likihitajika. Kwa hiyo ya kwenu ni ile yenye haki. Angalia sasa, sentensi nne tu hizi, mtu kabeba ndoo ya rangi na brashi akapita nyumba hadi nyumba akashindwa kubeba hizi sentensi nne. Mi kwenye hili huwa napandisha presha.

Ila ujue X siyo uthamini, yaani siyo kupigiwa hesabu ya thamani ya mali yenu. Muulize mtendaji wa mtaa kama mthamini alishapita, mkajaza fomu, mkapigwa picha na nyumba. Kama hakupita, saa ya fidia haijaanza kugonga. Kama alipita na uthamini ukaidhinishwa, sheria ya uthamini ya 2016 inasema malipo yakipita miezi sita yanaanza kuzaa riba, na uthamini wenyewe unaishi miaka miwili tu, baada ya hapo unatakiwa urudiwe. Andikeni barua moja ya majirani wote wenye X ya kijani, iende TANROADS mkoa, wale wakala wa barabara, nakala kwa mkuu wa wilaya na mtendaji, mpeleke kwa mkono na mgongewe muhuri wa kupokea kwenye nakala yenu. Msiulize "lini tutalipwa". Ulizeni mambo matatu: eneo letu linahitajika au halihitajiki katika bajeti hii, uthamini umefanyika au haujafanyika, na nani, kwa cheo chake, tumuulize. Cheo hakihamishwi kituo.

Rangi mama apake. Rangi haimzuii mthamini, ila upanuzi mpya kama chumba au fremu ya duka subirini kwanza majibu.

Assalaam aleikum. Niko Muscat, najenga Tanga. Kaka ndo msimamizi. Fundi ananiambia kaka kasema, kaka anasema mama kasema, mama ananiambia mimi sijasema kitu nimeuliza tu. Choo cha nje kimejengwa, sikukiagiza, baraza niliyoagiza haipo. Natuma pesa kila mwezi na kila mwezi tunagombana. (Dada, Muscat)

Waaleikum salaam dada yangu. Umenichekesha na nisamehe, kwa sababu ulichoandika hapo ni chati ya mawasiliano ya miradi mingi ya mabilioni, tofauti wao wameichora kwenye kompyuta.

Una wadau watatu na fundi mmoja. Fundi anamsikiliza aliye karibu naye, na aliye karibu ni mama, kwa sababu mama ndo anampelekea chai ya saa nne. Mama akipita akasema "hivi hapa choo cha wageni hamna?" fundi haisikii kama swali, anaisikia kama agizo la mwenye nyumba. Na kaka naye hawezi kumwambia mama hapana. Hata wewe huwezi, ndo maana unagombana na kaka.

Kwa hiyo usianzie kwa fundi, anzia kwa mama. Mpigie video, mwambie ramani hii hapa, zungusha naye chumba kwa chumba, muulize anataka nini kabla hujatuma pesa ya hatua inayofuata. Mambo yake mawili matatu yaingize kwenye ramani kabisa, yawe yake rasmi. Baada ya hapo mwombe yeye mwenyewe amwambie fundi, akiwa na kaka, kwamba kuanzia leo neno la nyumba linatoka kwa kaka peke yake. Likitoka kinywani mwa mama fundi atalishika, ukilisema wewe kutoka Muscat ni upepo.

Halafu pesa usitume kwa mwezi, tuma kwa hatua. Msingi, jamvi, boma hadi lenta, kupaua. Kabla ya kila hatua kaka anakutumia karatasi moja, kaandika kwa mkono hata, nini kitajengwa, mifuko mingapi ya simenti, nondo ngapi, fundi kasaini, kaka anaipiga picha na wewe unajibu "sawa". Likitokea badiliko lolote, hata la mlango kugeuka upande, karatasi mpya. Fundi wa kweli haikatai hii, inamlinda na yeye, siku utakaposema sikuagiza anakuonyesha sahihi. Picha za saiti ziwe siku moja kwa wiki, Alhamisi jioni tuseme, na uangalie saa, huko mko mbele saa moja, ukipiga saa nne zako usiku fundi anahangaika kulala.

Kaka mpe kitu kidogo cha nauli na vocha, kiandikwe kwenye bajeti kama usimamizi. Msimamizi asiyelipwa anajilipa.

Na kuhusu kile choo cha nje, kwa sababu kipo tayari kimejengwa na mama anakitumia, mi ningenyamaza. Muulize tu shimo limekwenda futi ngapi na kama liko mbali na kisima.